Jumapili ya Mzee wa Breki

Niliichukia ile filamu kabla ya dakika kumi kwisha. Watu wawili wenye suti walikuwa wamekaa kwenye meza ndefu, mmoja anafungua faili, mwingine anatazama dirisha. Hakuna aliyepiga mtu. Hakuna aliyekimbia. Mwenye faili akageuza ukurasa, akanywa maji, akageuza mwingine. Mimi nilikuwa nimengoja wiki nzima nione kitu cha maana, kwa sababu tangu Jumatatu nilikuwa nachuma minji, yaani njegere, kwa shosho, bibi yangu, mpaka kucha zikawa kijani. Runinga yake ya sola ilishika stesheni tatu tu kule Endarasha. Moja ilikuwa ya mahubiri, na mahubiri tulikuwa tumetoka kuyasikia. Nyingine ilikuwa na watu wanabishana siasa. Ya tatu ndiyo hiyo ya mafaili.

Shosho akasema niiache hapo hapo.

Wakati huo nilikuwa kidato cha tatu. Kwetu ni Giakanja, lakini kila likizo ya Agosti mama hunipeleka kwa mama yake nimsaidie shambani, na pia, nadhani, ili nijifunze kuongea. Mimi si mtu wa kuongea. Mwalimu akiniuliza swali ninalolijua, jibu linafika kooni linakaa hapo kama mgeni ambaye hajakaribishwa. Kwa shosho hilo halikuwa na shida. Yeye na mimi tuna majina yale yale mawili, la ubatizo na la Kikuyu, kwa sababu mimi ni msichana wa pili wa binti yake, na kwetu msichana wa pili hupewa jina la mama ya mama. Kwa hivyo ndugu za mama huniita mami. Mtu mzima mwenye kitambi ananiambia, "Mami, niletee maji," na hakuna anayecheka, kwa sababu kwa hesabu ya kwetu mimi kweli ni mama yake.

Anayeniita hivyo zaidi ni anko, kifungua mimba wa shosho. Simpendi. Sikumpenda hata kabla ya siku hiyo, ni vile tu sikuwa na sababu ya kuandika. Anakuja akiwa anaongea tayari, anaketi kabla ya kuambiwa keti, na akikusalimia anaangalia nyuma yako aone kama kuna mtu wa maana zaidi. Jumapili hiyo aliingia filamu ikiwa bado iko kwa yale mafaili. Alikuwa na mikate miwili, sukari, mafuta ya kupika, na bahasha ya kaki kwapani.

Bahasha hiyo sote tulijua ni ya nini.

Maji ya kile kijiji yanatoka mtoni juu, mahali tunapaita inteki: sanduku la simiti lenye mfuniko wa chuma na kufuli. Ufunguo umekaa shingoni mwa shosho miaka mingi, kwenye kamba ya kiatu, kwa sababu wanachama wa mradi wa maji walisema akipewa mwanamume atauza zamu. Kiangazi kile mifereji ya nyumbani ilianza kutema hewa. Shosho akapanda juu peke yake na fimbo yake, akafungua sanduku, hakuona kitu. Akazunguka nyuma. Akaona nyasi zimeota mahali ambapo hazijawahi kuota, akaziinua kama mtu anayeinua zulia, na chini yake kulikuwa na bomba la pili, jeusi, nene kuliko letu, linaelekea kwa kampuni ya maua.

Mradi ukaenda kortini. Kampuni ikajibu kwamba bomba liliwekwa kwa ruhusa ya mwenye ufunguo. Mwenye ufunguo ni shosho. Basi kesi yote ikabaki imening'inia kwenye neno lake moja. Akisema sikukubali, kampuni iko taabani. Akisema nilikubali, maji yamekwenda. Jumanne angesimama kortini Nyeri. Na anko ndiye supavaiza wa magari ya kampuni hiyo hiyo, na alikuwa ameshaambiwa kazini, hilo mama alinidokezea, kwamba mtu ambaye hawezi kuongea na mama yake mwenyewe hawezi kuongea na madereva.

Shosho hakuitazama bahasha. Alimwambia akae, tunaangalia filamu, mengine yatakuja ikiisha.

Anko akaniuliza inaisha saa ngapi. Nikasema sijui. Akaniuliza inahusu nini. Nikasema breki. Akavuta pumzi kwa pua, akaangalia saa yake, na hapo ndipo nilianza kuipenda ile filamu kidogo, kwa sababu ilikuwa inamtesa kuliko mimi.

Ilikuwa kweli ya breki. Kulikuwa na kampuni inayotengeneza breki za mabasi, na mabasi yake yalikuwa yameanguka, na kampuni inasema madereva walilala. Wakili mmoja, mwanamke mwenye koti moja tu, alikuwa anatafuta mtu wa ndani wa kusema ukweli. Mtu huyo alikuwa mzee, fundi wa zamani, anayeishi na paka. Aliwahi kukataa breki fulani zisitoke kiwandani, zikatoka. Hiyo ndiyo habari yote, na ingeweza kusimuliwa mtu akifunga viatu. Lakini walituonyesha mzee anapika yai. Tuliliona yai lote, kutoka maji baridi mpaka ganda.

Anko akasema hizi ni filamu za watu ambao hawana ng'ombe wa kukama.

Shosho hajui Kiingereza. Anasoma Biblia ya Kikuyu kwa kidole, polepole, na hapo basi. Alikuwa anaongea nasi kwa Kikuyu, mimi ndiye ninayeyaandika kwa Kiswahili. Kila mtu wa filamu akifungua mdomo, shosho ananiuliza amesema nini, nami namwambia kwa sauti ndogo, maneno matatu manne. Anko akachoka nami.

"Wacha mimi nimwambie," akasema. "Huyu anaongea kama kuku ya mvua."

Akachukua kazi ya kutafsiri. Mwanzoni alitafsiri vizuri, kwa haraka, kama mtu anayesukuma ng'ombe zizini. Kisha wakili akafika kwa mzee, wakakaa jikoni kwake. Wakili akamwambia kwamba kampuni itatuma mtu na karatasi, na kwamba akiitia sahihi hiyo karatasi, wale waliokufa watakuwa wamekufa mara ya pili. Nililisikia vizuri. Kiingereza changu si kibaya, ni mdomo tu.

Shosho akauliza amesema nini.

"Anamwambia mzee asijisumbue na korti," anko akasema. "Aweke mkono kwa karatasi, apumzike. Amezeeka."

Shosho akanigeukia. Mimi nikaangalia jiko la makaa kana kwamba linataka kuzima. Halikuwa linataka kuzima. Nimeandika hapa ukurasa huu mara nyingi na kila mara nafika kwa hilo jiko na kujichukia upya.

Baadaye kidogo shosho akaniambia niongeze chai. Jikoni kwake ni nyumba ya pili, ya mbao, ng'ambo ya ua. Kulikuwa na ile baridi ya Agosti ya Kieni, ukungu umeshuka mpaka kwa ua wa kondoo, mlima hujauona wiki nzima. Nilikuwa nimeinama kupuliza moto nilipoona viatu vya anko mlangoni. Alikuwa na bahasha.

Na aliongea Kiswahili. Anko akiongea Kikuyu ni mtoto wa shosho, akiongea Kiswahili ni wa kampuni. Hilo nililijua hata nikiwa mdogo.

"Mami, wewe umesoma. Ona hapa." Akafungua ukurasa wa mwisho. Majina mawili, chini yake mstari wa nukta. "Hili jina ni la nani?"

Nikasema la shosho.

"Na lako ni gani?"

Nikasukuma kuni ndani ya moto.

"Ni hilo hilo. Sasa ukiandika jina lako umedanganya nani?" Akaniambia kidole cha shosho hata kwa kitambulisho kilikataa kusomeka, shamba imemaliza ile mistari yote. Akaniambia siku hizi wazee wengi wanaandika, hakuna atakayeuliza. "Ama unataka mama yangu asimame pale Jumanne wamuulize maswali mpaka aanguke? Wewe ndiye unamsaidia, mami. Mimi niko na haraka."

Ningependa kuandika kwamba alinishika mkono kwa nguvu. Ningependa kuandika kwamba alinitisha. Hakunigusa. Alininyooshea kalamu, akaniita mami mara ya tatu, na mimi niliona aibu kumwacha mtu mzima amenyoosha mkono hewani. Ni hivyo tu. Nilijua bomba ni nini, nilijua karatasi ni nini, nilikuwa nimetoka kusikia wakili wa runinga akisema hivyo hivyo, na bado nikaandika majina mawili kwa mwandiko wangu mzuri wa insha, kwa sababu kukataa kungehitaji kuongea.

Akaupuliza wino ukauke. Akaniambia mimi ni msichana mzuri.

Niliporudi na birika, anko hakuwa ameketi. Alikuwa amesimama karibu na mlango anasema amekumbuka kuna gari limekwama Mweiga. Shosho, bila kutoa macho kwa runinga, akamuuliza kama hakuwa na neno. Anko akasema linaweza kungoja.

"Limengoja tangu saa saba," shosho akasema. "Kunywa chai."

Hauwezi kukataa chai iliyokwisha kumiminwa. Akaketi ukingoni mwa kiti, bahasha imebanwa kwapani kama kipimajoto.

Kwa filamu, yule mtu wa kampuni alikuwa amefika. Alikuja na keki kwenye sanduku, akaiweka mezani, akaitoa karatasi, akaiweka karibu na keki. Mzee akashika kalamu. Na hapo wakaacha kuongea. Sijui ilikuwa dakika tatu au tano. Mfereji unadondoka kwa sinki. Paka anaingia, anatoka. Mkono wa mzee. Uso wa mtu wa keki. Mkono tena. Kwa siku nyingine ningeenda kulisha kondoo.

Shosho alikuwa ameinama mbele mpaka kitambaa chake cha kichwa karibu kiguse runinga. Nikaelewa, kwa kuchelewa, kwa nini alitaka ile stesheni. Katika zile filamu za mbio hana muda, watu wanapita kabla hajawajua. Hapa alikuwa amepewa uso mmoja akae nao, kama vile anavyokaa na ng'ombe mgonjwa.

"Huyo mzee hataki," akasema. "Ona kidole gumba. Mtu anayetaka kuandika hashiki kalamu hivyo, anaishika kama nyoka." Akasogeza kidole kwenye kioo. "Na huyu wa keki hajaigusa keki yake. Amekuja ameshiba." Kisha akamuuliza anko, bila ukali, kama anauliza bei ya viazi: "Wewe ulisema mzee ameambiwa apumzike. Mtu akiambiwa apumzike analia?"

Mzee alikuwa kweli analia. Kidogo tu, jicho moja.

Anko akasema Wazungu hulia ovyo. Akaweka kikombe chini na kusimama.

Sijui nilitoa wapi. Nilisikia sauti na ikanichukua muda kujua ni yangu, maana ilikuwa kubwa, ilikuwa kubwa kuliko ya runinga.

"Shosho, nimeandika jina lako."

Akageuka. Nikaeleza yote, jikoni, kalamu, kidole, ukurasa wa mwisho. Nilieleza na vile wakili alisema kweli, kuhusu kufa mara ya pili. Maneno yalitoka bila mpangilio, mengine ya Kikuyu, mengine ya Kiswahili, na kamasi ikaanza kunitoka, na sikunyamaza mpaka maneno yakaisha.

Anko akacheka. Akasema ni mambo ya watoto. Msichana ameandika jina lake mwenyewe kwa karatasi, sasa hapo kuna kesi gani?

"Hilo jina ni la mama yako?" shosho akamuuliza.

"Si unajua ni lako."

"Na huyu ni nani wako?"

Akaangalia saa yake.

"Tangu uingie hapa umemwita mami. Kama ni mami wa kukuandikia, ni mami wa kukuambia." Akanigeukia. "Mwambie."

Nilikuwa na birika bado mkononi. Nikaliweka chini kwanza.

"Lete karatasi," nikasema.

Aliniangalia vile sijawahi kuangaliwa. Nilikuwa nafikiri watu wazima wakikuchukia wanakasirika. Yeye hakukasirika, alinitazama tu kama kitu alichokanyaga. Akasema kwa Kiswahili, taratibu, kwamba nimeharibu kitu sitaweza kutengeneza. Lakini shosho alikuwa ameketi pale, mikono kwenye mapaja, anangoja, na ufunguo wake shingoni. Mtu anaweza kumdharau mpwa wake wa kidato cha tatu. Anaweza kumdanganya mama yake nyuma ya nyumba. Kumkatalia mama usoni, na mama mwenyewe akiwa ameketi hapo anahesabu kimya, hilo anko hakuliweza, na sidhani ni kwa sababu ana moyo mzuri. Aliogopa. Kwetu laana ya mama haina korti ya rufaa.

Akaitupa bahasha mezani, juu ya mikate, akatoka. Tulisikia gari likikataa kuwaka kwa baridi, mara mbili, mara tatu. Hakuna aliyetoka kumsukuma.

Wakati huo betri ya sola ikaanza kulia. Siku nzima hakukuwa na jua. Picha ikasinyaa, ikazima, mzee akiwa bado na kalamu juu ya karatasi. Kwa hiyo mpaka leo sijui kama aliandika.

Shosho aliniambia nilete taa na nimsomee ile karatasi, yote, kutoka juu. Nikasoma. Mimi, ambaye darasani napewa aya moja na naomba udhuru, nilisoma kurasa nne za Kiingereza cha mawakili, mstari kwa mstari, na kuugeuza kila mstari kuwa Kikuyu. Mahali paliposema kwamba yeye, akiwa na akili timamu na bila kushurutishwa, alitembelewa na maofisa wa kampuni inteki akawafungulia kwa hiari yake, shosho akaniambia nirudie. Nikarudia. Akauliza kama wameandika alivaa nini siku hiyo. Nikasema hapana. Akasema basi hawajui kudanganya vizuri.

Kisha akakata mkate. Nikamwambia mimi siutaki mkate wa mtu huyo. Akasema mkate haujakosea mtu. Nilikula, na nilikuwa na njaa, lakini niliula kwa chuki.

Jumanne tulienda Nyeri pamoja, bahasha ndani ya Biblia yake. Wakili wa mradi aliisoma tukiwa tumesimama kwenye korido, akaisoma tena, akaniuliza kama naweza kuandika maelezo yangu. Nikasema naweza kuandika. Ni kuongea ndiyo shida. Akanipa karatasi, nikaandika kila kitu, hata mahali panaponiaibisha, hata lile jiko.

Kesi haikusikizwa siku hiyo, wala iliyofuata. Mara wakili wao ni mgonjwa, mara faili haionekani. Nikakumbuka vile nilidharau yale mafaili ya runinga. Lakini siku iliposikizwa, shosho alisimama akasema hakukubali, akaulizwa maswali asubuhi nzima, hakuanguka. Korti ikaamuru bomba jeusi lifungwe mpaka hukumu itolewe. Hukumu bado. Mifereji imeacha kutema hewa.

Anko hakupewa barua ya kufutwa, aliambiwa tu asirudi. Mama alinyamaza nami muhula mzima. Hakunipiga wala kunitukana, alikuwa anaweka sahani yangu mezani na kuondoka. Siku moja akasema, akiwa ameinamia karai la nguo, kwamba ndugu yake ana watoto watatu na mimi nimeona tu karatasi. Nikamwambia shosho ana mifereji ya nyumba arobaini. Akasema siku hizi umejua kuongea. Haikuwa sifa.

Krismasi tulikutana sote Endarasha, ilibidi. Anko alikuja na mikono mitupu. Alisalimia kila mtu kwa zamu, na aliponifikia mimi hakuniita mami. Aliniita majina yangu yote mawili, la ubatizo na la Kikuyu, kama karani anayeita watu kwa foleni. Shosho alikuwa pale pale kwenye kiti chake.

"Naam," akaitika.